Namna ya Kumkodi Mskoti kwa Siku Moja

Mwongozo huu ni kwa ajili ya familia ambayo kila mtu anaifahamu. Binti amehitimu Chuo Kikuu cha Edinburgh. Wazazi wamepata viza baada ya kuwasilisha taarifa za benki za miezi sita. Mjomba amejiunga na msafara kwa sababu alichangia ada, jambo ambalo halipiti siku mbili bila kutajwa. Mahafali yamekwisha, picha za joho zimefika kwenye makundi yote ya WhatsApp, hata lile la msiba wa mwaka juzi, na imebaki siku moja kabla ya ndege. Ndipo mtu mmoja atakaposema, "Twendeni tukaione bahari yao."

Bahari yao inapatikana St Andrews, mji mdogo wa pwani ya Fife, kilomita 80 hivi kutoka Edinburgh, wenye chuo kikuu, magofu na gofu. Namna ya heshima ya kufika huko ni ziara ya faragha: gari lenu peke yenu, na Mskoti wenu peke yenu. Katika shughuli hii watu wa Afrika Mashariki tuna faida kubwa, kwa maana tumewatazama watalii tangu utotoni. Tumewaona wakiitazama Serengeti nzima kupitia kioo cha kamera. Tumewaona wakimkatiza mwongozaji anayeeleza uhamaji wa nyumbu ili wamuulize choo kiko wapi. Tumewacheka vya kutosha. Sasa zamu imetufikia, na itakuwa aibu tukionekana hatukujifunza kitu.

Hatua ya kwanza: Kodi msomi, mfanye dereva

Njia ya bei nafuu ipo, na ni vizuri muijue ili muikatae mkiwa na habari kamili. Treni kutoka kituo cha Waverley hufika Leuchars kwa muda wa saa moja hivi, na hapo mnapanda basi la dakika chache hadi St Andrews, kwa sababu reli ya kuingia mjini penyewe ilifungwa mwaka 1969. Wanafunzi hupita njia hiyo kila siku nao hufika salama. Lakini treni haina mtu wa kukufungulia mlango, na mjomba hakuvuka Sahara aje kugombania kiti cha basi.

Basi lipeni mamia ya pauni. Bei ya ziara ya faragha kwa kawaida ni ya gari, si ya kichwa, na kwa hesabu za nyumbani gari la watu saba linabeba watu saba na watoto wawili wa kupakatwa. Mskoti atakataa: kila mtu na mkanda wake, kila mtoto na kiti chake, ndivyo sheria isemavyo. Bishaneni naye robo saa hivi. Ni muda wenu, mmeulipia.

Huyo mtakayebishana naye mara nyingi ni mtu wa makamo au zaidi, na huenda amevaa kilti na soksi ndefu. Akiwa na beji ya bluu kifuani, jueni kwamba amesomea kazi hii na kuifanyia mitihani: wafalme, miamba, ndege, dini, vita na usanifu wa majengo. Msimuulize lolote katika hayo. Muulizeni kama gari lina chaja ya simu.

Yawezekana ana mvi nyingi kuliko baba, na hapo malezi yetu yatawasumbua. Mzee wa watu anabeba mikoba, nanyi mmekaa. Isitoshe atasisitiza mumuite kwa jina lake la kwanza, kama mtoto wa jirani. Mama hataweza. Atamuita "Mzee" mpaka jioni, naye ataitika kwa furaha akidhani amepewa cheo. Amepewa.

Hapa nitoe onyo ambalo nitalirudia: mwangalieni sana mama. Akikaa kiti cha mbele, siku imeharibika.

Hatua ya pili: Pigeni picha daraja, si lazima mlitazame

Mkishatoka mjini, mwongozaji atauliza mnatoka nchi gani. Mkijibu Tanzania, atawapa Serengeti, au "hakuna matata", au David Livingstone, aliyezaliwa Blantyre, karibu na Glasgow, mwaka 1813, na ambaye sanamu yake imesimama katikati ya Edinburgh. Mrudishieni Julius Nyerere, aliyesoma katika chuo kilekile cha binti yenu kuanzia 1949 hadi 1952. Hapo ngoma droo, na kila upande unaweza kunyamaza kwa heshima.

Muda si mrefu mtafika kwenye mlango wa mto Forth, palipo na madaraja matatu ya karne tatu: la treni la mwaka 1890, la magari la 1964, na la Queensferry Crossing la 2017. La kutazama ni la treni, lile jekundu. Mwezi Desemba 1879 daraja la mto Tay, kaskazini zaidi, lilianguka katika dhoruba na treni ikiwa juu yake. Wahandisi waliopewa kazi ya Forth, John Fowler na Benjamin Baker, hawakutaka mtu yeyote awe na shaka tena. Walitumia zaidi ya tani 50,000 za chuma na ribiti milioni sita na nusu. Vibarua zaidi ya 50 walikufa kazini. UNESCO waliliingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2015.

Mwongozaji atawatolea mzaha wa rangi: kwamba mafundi wakifika mwisho wa daraja, mwanzo wake umeshachakaa, kwa hiyo wanaanza upya, kazi haiishi milele. Chekeni. Si kweli tena, maana rangi iliyomalizika kupakwa mwaka 2011 ilikadiriwa kudumu miaka 20 na zaidi. Lakini mwongozaji hawezi kuuacha mzaha kwa sababu tu umekufa. Wa kwetu bado wanawaambia wageni kwamba nyumbu aliundwa kwa vipuri vilivyobaki kwa wanyama wengine.

Kisha pigeni picha, kila mtu kwa simu yake, kila mtu akiwa ameliziba daraja kwa kichwa chake.

Hatua ya tatu: Mkosoeni samaki

Kabla ya St Andrews kuna vijiji vya wavuvi vilivyopangana kando ya bahari: Elie, Pittenweem, Anstruther, Crail. Mapaa mengi ni ya vigae vyekundu vya mtindo wa Kiholanzi, kwa kuwa bandari hizi zilifanya biashara na Uholanzi na jirani zake kwa karne nyingi, na kuta za pembeni za nyumba zinapanda kwa vidato hadi kwenye paa. Anstruther ina jumba la makumbusho ya uvuvi wa Uskoti. Pitieni mlangoni mkielekea kwenye chipsi.

Samaki wa hapa ni hadoki, anavikwa uji wa unga na kuzamishwa kwenye mafuta, kisha ananyunyiziwa chumvi na siki. Kwa wanaokula halali, swali la maana halimhusu samaki bali mafuta: baadhi ya maduka ya Uskoti hukaangia mafuta ya ng'ombe, na muuzaji akiulizwa huwa anasema. Hilo ni swali zuri mno, kwa hiyo liulizeni baada ya kula nusu.

Mjomba, ambaye kwao ni Mwanza, atataka kujua kama kuna sato. Hakuna. Atauliza kama kuna pilipili. Atapewa kipakiti cha sosi ya nyanya. Hapo atoe hotuba, na hotuba itolewe nje, kwenye ukuta wa bandari, boksi likiwa wazi mkononi. Shakwe wa Anstruther ni ndege wenye subira. Hawana haja na mwanzo wa hotuba. Wanangoja pale mzungumzaji anapoinua kipande cha samaki juu ili kukazia hoja.

Mama, ambaye kwao ni Tanga, atakuwa amesogea ukingoni na mwongozaji, akiuliza mitego ile ya waya iliyorundikana ni ya nini. Ni ya kaa na kamba-mti. Siku hizi ndio wanaoleta hela, kwa kuwa wale heringi waliowahi kujaza bandari nzima mashua walishatoweka. Muiteni haraka apige picha ya pamoja.

Hatua ya nne: Itafuteni siri

Kati ya Anstruther na St Andrews mtaona kibao cha kahawia cha barabarani kinachosema, kwa herufi kubwa na mshale, kwamba Handaki la Siri liko upande ule. Si utani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, vita baridi vikiwa vimepamba moto, serikali ya Uingereza ilichimba handaki kubwa chini ya nyumba inayoonekana ya mkulima wa kawaida, ili wakubwa waendelee kuandikiana barua rasmi hata kama bomu la nyuklia lingemaliza waandikiwa. Tangu 1994 watalii wanaingia kwa tiketi.

Msiingie. Simamisheni gari, pigeni picha kibao, na mjomba aseme kwamba kwetu mambo ya siri hayana haja ya kibao kwa sababu kila mtu anayajua. Hii ndiyo sentensi yake bora ya siku, kwa hiyo endeleeni na safari kabla hajaongeza ya pili.

Hatua ya tano: Laumuni mawe

Mkifika mjini hali ya hewa itakuwa imebadilika. Pwani ya mashariki ina mvua chache kuliko magharibi, na mwongozaji atalisema hilo kwa fahari huku hamuoni boneti ya gari lenu. Huo ni ukungu wa baharini, wenyeji wanauita haar: hewa yenye joto kidogo inapita juu ya Bahari ya Kaskazini iliyo baridi, inapoa na kuwa wingu, na wingu linatambaa hadi mlangoni. Maili mbili ndani ya nchi kavu jua linawaka. Koti uliloliacha hotelini kwa sababu ni Julai, huu ndio wakati wa kulikumbuka.

Anzeni na kanisa kuu. Hadithi inasema mtawa aitwaye Regulus alileta hapa mifupa ya Andrea Mtakatifu kutoka Ugiriki: mfupa wa mkono, kifuniko cha goti, vidole vitatu na jino. Kwa mtaji huo mdogo mji ukapata mahujaji, mahujaji wakaleta fedha, na fedha zikajenga kanisa kubwa kuliko yote Uskoti. Lilichukua zaidi ya miaka 150 kujengwa, likawekwa wakfu mwaka 1318 mbele ya Mfalme Robert the Bruce. Mwaka 1559 mhubiri John Knox akahubiri mjini dhidi ya sanamu za kanisani, na umati uliotoka kumsikiliza ukavunja kila kilichovunjika. Halafu wenyeji wakaja polepole na mikokoteni kuchukua mawe ya kujengea. Ndiyo maana mwongozaji akiwaonyesha kanisa huonyesha pia kuta za nyumba za mtaa wa pili.

Hapo mjomba aulize kwa sauti, "Kwa hiyo tumelipa kutazama mawe?" Ni mtu mwenye msimamo. Kilwa Kisiwani pia hajawahi kufika.

Ngome iko hatua chache tu, juu ya jabali la bahari. Machi 1546, Kadinali David Beaton alimchoma moto mhubiri George Wishart mbele ya ngome hiyo. Mwezi Mei wafuasi wa mhubiri waliingia asubuhi wakichangamana na mafundi ujenzi, wakamuua kadinali na kumning'iniza nje ukutani ili mji umuone. Kisha wakajifungia ndani. Jeshi lililowazingira likachimba njia chini ya mwamba ili liingie. Waliomo ndani walisikia nyundo, wakachimba ya kwao kwa kubahatisha, wakakosea mwelekeo, wakaanza tena, mpaka njia mbili zikakutana gizani na watu wakapigana chini ya ardhi. Njia hizo zote bado zipo, na mgeni anaruhusiwa kuzipita akiwa ameinama.

Ninyi bakini juu. Mtandao unashika vizuri zaidi. Mama atakuwa ameshuka, mkoba mkononi, khanga imefungwa kiunoni, akimwambia Mzee atangulie na tochi.

Hatua ya sita: Mkanyagisheni mdogo

Chuo kikuu cha hapa kilipata hati ya Papa mwaka 1413 na ndicho kikongwe kuliko vyote Uskoti. Mwongozaji ataanza kueleza. Mkatizeni mumuulize Prince William alikaa wapi. Aliingia kusoma mwaka 2001, akakutana na Kate Middleton, na mgahawa mmoja mjini umejibandikia sifa hiyo dirishani. Hilo ndilo tukio la karne sita ambalo mtalisimulia mkifika nyumbani.

Nje ya kanisa la chuo, kwenye mawe ya njia, mmepangwa herufi P na H. Hapo alichomwa Patrick Hamilton mwaka 1528, kijana wa miaka ishirini na kitu, kwa kufundisha mafundisho ya Luther. Wanafunzi hawazikanyagi, kwa imani kwamba atakayezikanyaga atafeli. Dawa iko moja: kuoga baharini alfajiri ya tarehe 1 Mei, katika maji ambayo hata Agosti ni nyuzi 14 hivi. Binti yenu ameshahitimu, tena kwingine, kwa hiyo hana la kupoteza. Picha nzuri itapatikana mkimsimamisha juu ya herufi hizo mdogo wake, yule anayesubiri matokeo ya kidato cha nne.

Hatua ya saba: Ombeni gofu kidogo

Baba atakuwa amekumbuka kwamba bosi wake wa zamani alicheza gofu, na ataomba acheze "kidogo tu". Mwongozaji atavuta pumzi. Uwanja uitwao Old Course huchezwa kwa kuandikisha mapema au kwa bahati nasibu inayochezeshwa kabla ya siku yenyewe, mchezaji awe na cheti cha kiwango chake, na msimu wa kiangazi ada inazidi pauni 300 kwa mtu mmoja. Kuna mashimo ya mchanga zaidi ya mia, na moja linaitwa Jehanamu.

Lakini historia ya uwanja huu ni tamu kuliko mchezo wenyewe, kwa hiyo hakikisheni hamuisikii. Mwaka 1457 bunge la Mfalme James II lilipiga marufuku gofu kwa kuwa vijana walikuwa wameacha kujifunza kulenga mishale. Mwaka 1552 askofu mkuu akatia saini hati iliyomruhusu yeye kufuga sungura kwenye nyasi hizi na kuwathibitishia watu wa mji haki yao ya kuchezea gofu hapohapo. Mwishoni mwa karne ya 18 halmashauri ya mji iliyofilisika ikawapa wafanyabiashara wa sungura eneo hilo, sungura wakatoboa uwanja wote, na wachezaji na wafugaji wakaburuzana mahakamani kwa miaka. Ni mwaka 1821 tu ndipo mwenye shamba wa jirani alipoinunua ardhi na kuwaokoa wachezaji.

Mpaka leo nyasi hizi ni mali ya umma. Barabara ya watu wote inakatiza shimo la kwanza na la mwisho, na tajiri aliyeruka kutoka Texas hulazimika kusubiri bibi apite na kigari cha mtoto. Jumapili kwa kawaida uwanja hauchezwi kabisa. Wenyeji hutembeza mbwa humo. Yaani kiwanja mashuhuri kuliko vyote duniani, siku ya mapumziko ya wiki, ni njia ya bure ya kila mtu. Kwa watu wa miji ambayo viwanja vya wazi hulala vikaamka vimezungushiwa mabati, habari hii inaweza kuleta mawazo. Iepukeni.

Nendeni moja kwa moja kwenye daraja la Swilcan, kijidaraja cha mawe chenye umri wa karne kadhaa, ambapo mabingwa husimama kuaga. Mwaka 2023 wasimamizi waliweka sakafu ya mawe miguuni pake. Dunia nzima ya gofu ikapiga kelele kwamba linafanana na ukumbi wa bustani, na baada ya siku chache sakafu ikang'olewa. Pangeni foleni, pandeni, inueni mkono kama mabingwa. Hamjapiga mpira hata mmoja, lakini mkono ndio ule ule.

Pembeni kuna uwanja mdogo wa vilima uitwao Himalayas, wa klabu ya wanawake iliyoanzishwa mwaka 1867 kwa sababu haikuonekana adabu mwanamke kuinua fimbo kupita bega. Yeyote hucheza kwa pauni chache. Msipaone. Ole wenu: mama ameshapewa fimbo, na amemshinda Mzee mashimo mawili.

Hatua ya nane: Jadilini bahashishi kwa sauti

Julai jua la huku huzama karibu na saa nne usiku, kwa hiyo mtarudi Edinburgh mchana mweupe mkiwa mmelala midomo wazi, ila mmoja. Mkikaribia hoteli, amkeni mjadiliane bahashishi kwa Kiswahili, kwa imani kwamba mwongozaji hasikii. Si lazima kisheria, ingawa mgeni aliyeridhika huacha asilimia kumi hivi. Mjomba apendekeze apewe kahawa ya Kilimanjaro. Baba atoe noti, aikunje ndogo kabisa, amkabidhi kwa kushikana mikono kama anayefanya kosa.

Siku ya pili kampuni itawatumia fomu ya tathmini. Itauliza kama gari lilikuwa safi, jibuni ndiyo. Itauliza kama mwongozaji alikuwa na ujuzi wa kutosha wa historia ya eneo. Hapo mpeni mama simu ajaze. Ninyi hamkuwepo.